Gari la Mbio Lililozeeka na Fedha za Msimu wa Kahawa

Gari la mbio lililotoka kiwandani miaka ishirini iliyopita huweza kununuliwa kwa bei inayokaribiana na ya gari dogo la kawaida la umri huohuo, lakini halitunzwi kwa gharama ya gari la kawaida, na wanunuzi wengi huigundua tofauti hiyo wakati fedha zote zimekwisha kulipwa. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kipato cha kaya nyingi hutegemea kahawa, zao linaloleta fedha kwa mkupuo katika miezi michache ya mwaka, ilhali injini yenye turbo hudai fedha kidogo kidogo mwaka mzima, kiangazi na masika. Ukiitazama kwa makini orodha ya mambo yanayoyaua magari haya, umri na mwendo kasi havimo katika nafasi za mbele; kinachotangulia ni huduma iliyoahirishwa mpaka msimu ujao.

Kwa jina la gari la mbio hapa inakusudiwa gari la abiria ambalo kiwanda kililipa injini yenye nguvu kuliko mahitaji ya safari za kila siku, pamoja na breki, magurudumu na springi zilizokazwa kwa ajili ya kona na mwendo. Mfano unaofahamika zaidi Afrika Mashariki ni Subaru Impreza WRX, iliyoanza kuuzwa Japani Novemba 1992, na ndugu yake Forester yenye turbo. Magari hayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na injini ya ukoo wa EJ20, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, ambayo Subaru iliianzisha mwaka 1989 katika Legacy. Sifa ya gari hili katika ukanda huu ilijengwa kwenye vumbi: Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akashinda mwaka 2000 kwa gari la ukoo huohuo, na vijana waliosimama kandokando ya njia siku zile ndio wazazi na wamiliki wa leo. Mengi yatakayoelezwa hapa yanawahusu pia wenye Toyota Chaser na Mark II zenye injini ya 1JZ-GTE, isipokuwa pale ambapo umbo la injini ya Subaru linaleta shida zake zenyewe.

Namna magari haya yanavyofika Tanzania inaeleza nusu ya tatizo. Nchini Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa kisheria baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na likifikisha miaka 13 kodi yake hupanda, hivyo mwenye gari la zamani hupata sababu ya kuliuza badala ya kulitengeneza. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane, na Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haikufunga mlango huo, ila imekuwa ikitoza ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa gari lenye umri wa miaka minane hadi kumi na wa asilimia 30 kwa lililozidi hapo. Matokeo yake ni kwamba gari ambalo jirani wa ng'ambo ya Mto Kagera hawezi tena kuliagiza linaweza kuonekana Kayanga au Nkwenda likiwa na rangi inayong'aa, na mnunuzi akaamini kwamba kinachong'aa nje ndicho kilichomo ndani. Mpira wa hozi, bushi, sili za injini na mkanda wa taimingi huzeeka kwa miaka hata kama gari halikutembea, na hakuna polishi inayofika huko.

Injini ya EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, pistoni zikisukumana kuelekea nje na kurudi ndani, na kwa sababu hiyo uzito wake hukaa chini na gari hushika barabara vizuri kwenye kona. Turbo ni kifaa chenye magurudumu mawili madogo ya mabawa yaliyofungwa kwenye shafti moja: moja huzungushwa na moshi wa eksozi, na jingine husukuma hewa ya ziada ndani ya injini ili petroli nyingi zaidi ichomwe na nguvu iongezeke. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isigusane na chuma kinachoizunguka ni utando mwembamba wa oili. Miinuko ya Karagwe na Kyerwa, ambayo sehemu zake nyingi hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, huongeza kazi ya kifaa hiki, kwani katika kimo hicho kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu asilimia 17. Injini isiyo na turbo huonyesha upungufu huo waziwazi kwa kuchoka mlimani. Yenye turbo huufidia kwa kuzungusha mabawa yake kasi zaidi, kwa hiyo dereva haoni tofauti, na mzigo wote humwangukia yule mtumishi mdogo anayeogelea katika oili.

Ndiyo maana mjadala wowote wa uimara wa magari haya sharti uanze na oili, na ukiishia hapohapo bado utakuwa umesema sehemu kubwa ya yanayohitajika. Kijiti cha kupimia oili cha injini hii kina alama mbili, ya chini na ya juu, na nafasi iliyo kati yake ni takriban lita moja. Gari husimamishwa mahali tambarare, injini huzimwa kwa dakika kadhaa ili oili ishuke, kijiti hufutwa kwa kitambaa kisafi na kurudishwa mpaka mwisho, kisha husomwa pande zote mbili, na upande unaoonyesha kiwango cha chini ndio wa kuaminiwa. Injini ya turbo iliyozeeka hunywa oili kidogo hata ikiwa nzima, hivyo upimaji huu hufanywa kila petroli inapojazwa, wala hausubiri taa nyekundu kwenye dashibodi, kwa sababu taa hiyo huwaka presha ya oili ikiwa imekwisha kuanguka na beringi za krenki zimekwisha kuonja chuma kikavu. Mlio wa kugonga unaosikika baadaye kutoka chini ya injini, ule ambao mafundi wakiusikia husema injini imenoki, ni taarifa ya kifo kuliko onyo.

Oili yenyewe hubadilishwa kila kilomita 5,000 pamoja na kichujio chake, na katika barabara za vumbi kipimo hicho hakifai kurefushwa hata kama kopo limeandikwa kwamba oili hiyo hudumu kwa kilomita 10,000. Anayekwenda Bukoba na kurudi Kayanga kila wiki hutembea zaidi ya kilomita 200 kwa safari moja, yaani zaidi ya kilomita 10,000 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu harusi, misiba, shule na shamba. Katika baadhi ya injini za ukoo huu, mrija unaopeleka oili kwenye turbo una kichujio kidogo cha waya ndani ya boliti yake. Oili iliyoungua na kuganda hukiziba, na turbo hufa kwa kiu wakati sampu imejaa. Fundi asiyejua kwamba kichujio hicho kipo atafunga turbo nyingine, nayo itakufa vilevile. Kwa sababu hiyohiyo, baada ya kupanda mlima kwa nguvu, injini huachwa ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iendelee kupita na kuipoza shafti, badala ya kuungulia humo na kugeuka masizi magumu.

Joto ni adui wa pili. Kwenye kimo cha mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, yaani nyuzi tano chini ya kiwango cha pwani, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayohifadhiwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo ni kitu cha bei ndogo, springi na mpira wake huchoka, na gari likaanza kutupa maji mlimani bila tundu lolote kuonekana. Hapo ndipo hutokea kosa lililoenea katika gereji nyingi za ukanda huu, la kung'oa themostati, yaani mlango mdogo unaofunguka na kufunga kwa joto ili kuongoza njia ya maji, kwa imani kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa. Katika injini nyingi za namna hii themostati hufanya kazi mbili: hufungua njia ya rejeta na kuziba njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kupozwa, gari likachemka mlimani kama awali. Na asubuhi za baridi injini huchelewa kupata moto, kompyuta yake ikaendelea kumwaga petroli ya ziada, nayo petroli hiyo ikaosha oili kwenye kuta za silinda. Maji ya bomba au ya kijito yakitumiwa badala ya kulanti, maji maalumu yenye dawa ya kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka, kutu hula wota pampu na kuziba rejeta kwa miaka miwili mitatu, na mwisho wake huwa gasketi ya silinda hedi. Injini iliyolala ina silinda hedi mbili, moja kila upande, kwa hiyo kazi hiyo ni kubwa mara mbili, na mara nyingi huilazimu injini kushushwa. Mshale wa joto kwenye dashibodi usipewe imani kubwa. Katika magari mengi umepangwa ukae katikati bila kutikisika hata joto likibadilika, na unapopanda madhara huwa yameanza.

Mkanda wa taimingi ndio unaounganisha mzunguko wa krenki na ufunguaji wa valvu, na kwa EJ20 hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na vigurudumu vyake vya kukazia na, kwa busara, wota pampu ambayo mkanda huo huizungusha. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, pistoni na valvu hugongana, na ukarabati wake mara nyingi huzidi thamani ya injini ya mtumba. Kwa gari la mwaka 2003 linaloonyesha kilomita 98,000 kwenye dashibodi, swali la maana halihusu kilomita mbili elfu zilizosalia; namba hizo hurudishwa nyuma kwa urahisi, na mkanda wa miaka ishirini ni mkanda uliokwisha. Mnunuzi asiye na risiti au kibandiko kinachoonyesha ulipobadilishwa na auhesabu kuwa haujabadilishwa kamwe.

Kisha kuna vumbi. Lami kutoka Kyaka hadi Bugene, kilomita 59.1, ilirahisisha sana safari ya Karagwe, lakini njia za kwenda mashambani, kwenye magulio na vijiji vya Kyerwa bado ni za udongo mwekundu, na barabara ya Omurushaka hadi Murongo kwenye mpaka wa Uganda kwa miaka mingi ilijulikana kwa changarawe yake. Vumbi la udongo huu ni jepesi na lina chembe ngumu. Likipita kichujio cha hewa hula kwanza bawa la turbo, kisha ringi za pistoni. Hatari huwa kubwa zaidi kwa gari ambalo mmiliki wa zamani aliondoa sanduku la kichujio la kiwandani na kufunga kichujio cha wazi chenye umbo la pia ili injini itoe mlio wa kuvutia. Marekebisho ya namna hiyo, pamoja na kuongeza presha ya turbo na kutoboa eksozi, ndiyo yanayolifanya gari moja lidumu na pacha wake life. Yeyote anayetaka gari la kukaa nalo Karagwe atafute lile ambalo halijaguswa, hata kama ni la rangi isiyopendeza, na alipuuze lile linalolia kama bunduki.

Petroli ni suala linalosemwa kidogo kuliko linavyostahili. Magari ya mbio yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangwa kutumia petroli bora ya huko, ambayo okteni yake hufikia 100. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki namba hiyo, na kompyuta ya gari, ikisikia mlipuko wa mapema kwa kihisi chake, hupunguza nguvu ili kuinusuru injini. Uwezo wake wa kunusuru una mpaka. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili kubaini uchakachuaji, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya, kwa kuwa mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli hushusha okteni yake vibaya. Hatua hizo zimeleta nafuu, lakini petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia kwa ajili ya bodaboda haina uhakika wowote, na injini ya turbo ikipandishwa mlima kwa petroli dhaifu huvunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Pikipiki huisamehe chupa hiyo. Turbo haisamehe.

Kuhusu magurudumu, gari linalosukuma kwa miguu yote minne halipaswi kuvaa matairi yaliyopishana ukubwa. Subaru hutaka tofauti ya mzingo isizidi milimita sita hivi kati ya tairi na tairi. Tairi moja likipasuka na kubadilishwa kwa lolote lililopatikana Kaisho au Nyaishozi, difu ya katikati hulazimika kufidia tofauti hiyo kila mzunguko, hupata joto, na hatimaye huungua. Umri wa tairi husomwa ubavuni katika namba nne za mwisho za msimbo wake: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa na hubadilishwa kila miaka miwili, kwa sababu yenye maji huchemka kwenye mteremko mrefu na pedali ikazama hadi sakafuni, jambo ambalo halihitaji maelezo zaidi kwa yeyote aliyewahi kushuka kuelekea Kyaka nyuma ya lori la ndizi.

Watu wa eneo hili si wageni wa ufundi wa chuma; watawala wa Karagwe waliokaa Bweranyange walihifadhi nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma miongoni mwa vyombo vya enzi yao, na ustadi wa mikono haujapungua katika gereji za leo. Kinachokosekana ni spea sahihi, vitabu vya ufundi na vifaa vya kupimia. Spea za Subaru huagizwa Dar es Salaam, hasa Gerezani, Kariakoo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kayanga, au Kampala katika soko la Kisekka kupitia Mutukula, ambako ni karibu zaidi. Umbali huo humfanya mwenye gari akubali kilichopo dukani badala ya kinachotakiwa, na hapo bidhaa bandia hupata njia, ingawa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inazikataza. Kichujio bandia cha oili na plagi bandia hufanana sana na halisi kwenye boksi. Tofauti yake huonekana injini ikishafunguliwa. Plagi za injini iliyolala, kwa bahati mbaya, zinatazama ubavu wa gari na nafasi ya mkono ni finyu, hivyo fundi mwenye haraka hubadilisha mbili zinazofikika na kuziacha mbili. Mwenye gari ana haki ya kuomba aonyeshwe plagi zote nne za zamani zikiwa mezani, na fundi mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo.

Yote haya yanarudi kwenye fedha na kalenda. Msimu wa kahawa Kagera hufunguliwa takriban mwezi Mei. Mkulima hupeleka kahawa kwenye chama chake cha msingi, KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, na wanunuzi wengine hulipa, na gari hununuliwa kwa fedha hizo. Mkanda wa taimingi, hata hivyo, unaweza kudai zamu yake Januari, na turbo ikaanza kutoa moshi wa buluu Machi, wakati mfuko umebaki na ada za shule tu. Hapo huja vishawishi viwili: kuendelea kuliendesha gari mpaka mavuno, au kuuza kahawa ingali mtini kwa utaratibu wa butura, ambao serikali na vyama vya ushirika wameupiga vita kwa miaka mingi kwa sababu mkulima hulipwa sehemu ndogo ya thamani ya zao lake. Gari linalomlazimisha mwenye shamba kuingia butura ili linunuliwe turbo limegeuka mwajiri wake, na ni bora liuzwe likiwa bado linatembea.

Kwa hiyo mwenye nia ya kulinunua msimu huu na agawe fedha zake kabla ya kutia saini, theluthi moja ya bei ya gari ikae benki kwa jina la matengenezo ya mwaka wa kwanza tu. Kabla ya kulipa, gari lipimwe kompresheni katika silinda zote nne, zikaguliwe kulanti na oili kama zimechanganyika, mfuniko wa rejeta ufunguliwe injini ikiwa baridi, na mnunuzi ahakikishe kwa macho yake kwamba themostati ipo. Asiyeweza kuitenga theluthi hiyo, Corolla ya kawaida isiyo na turbo itamfikisha Bukoba, na kumrudisha.